Meza ya Kahawa Haina Mkalimani

Jumatatu, 6 Novemba

Mazungumzo ya kazi ya kila mwaka na Solveig, fundi wetu kiziwi. Mimi, yeye, na mkalimani wa lugha ya alama kando. Nikajigamba: tangu nipewe umeneja wa karakana, kila mkutano wa Alhamisi una mkalimani. Solveig akacheka. Mikono yake ikaenda mbio, mkalimani akaisemea: "Inga, hiyo mikutano yenu ganda tupu. Mambo yote mnayamaliza kwenye kahawa."

Ni kweli. Miaka sita anakaa nasi kwenye kahawa ya saa tatu, akitazama midomo inavyotafuna. Nimeona aibu. Nimeahidi kurekebisha, ila sijui vipi — mkalimani wa robo saa, mara mbili kwa siku, hapa Vetlanda, mji mdogo hivi wa Uswidi? Hapatikani.

Jumanne, 7 Novemba

Kwenye kahawa nimewaomba wenzangu: tuongee mmoja mmoja, tumtazame Solveig, asome midomo. Wote wakakubali. Kisha kila mtu akakoroga kahawa yake. Börje wa kwenye msumeno akanyoosha kidole kama yuko darasani: "Naomba maziwa." Tukaangua kicheko. Solveig akauliza kwa ishara tunacheka nini. Nikashindwa kumweleza. Alama ninazozijua ni tatu: asante, kahawa, habari za asubuhi.

Jumatano, 8 Novemba

Kahawa ya mchana, Solveig peke yake mezani na trei ya maandazi ya mdalasini. Wengine nimewakuta kwenye mashine ya kahawa, wamesimama, vikombe mkononi. Eti wanampa nafasi apumzike, jana alionekana kachoka. Wanampenda, hilo najua. Wakanipa kikombe na andazi. Nikanywa.

Alhamisi, 9 Novemba

Siku mbaya. Mkutanoni, mkalimani akiwepo, Börje katangaza: kuanzia Jumatatu Solveig anahamia kona ya nyuma, karibu na ghala. "Kule kuna utulivu. Tumekubaliana wote."

Utulivu! Kwa kiziwi! Pale katikati anapofanyia kazi sasa anaona nyuso zote, anamwona anayekuja na forklifti ya mizigo. Kule atatazama ukuta. Na hakuna aliyecheka. Kwetu hatupigi kura. Jambo likishakubaliwa kwenye kahawa limekwisha, anayelifufua ni mkorofi.

Solveig hakumtazama Börje. Alinitazama mimi. Mkalimani akamsemea: "Na wewe ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Jana, pale kwenye mashine. Börje alipolitaja nilikuwa na andazi mdomoni, namsikiliza nusu nusu, nikaitikia kwa kichwa. Leo nikajibu tutaliangalia. Jibu gani hilo? Meneja mzima, neno moja tu la kusema, hapana, na nikalimeza mbele ya watu kumi na mmoja.

Ijumaa, 10 Novemba

Solveig kaja ofisini kwangu saa mbili asubuhi, kafunga mlango. Leo mkalimani hayupo. Kaongea kwa mikono, muda mrefu, uso umemwiva, machozi yanamlengalenga. Sikuambulia kitu. Nikawa naitikia kwa kichwa — ndiyo, ndiyo — nikidhani namfariji.

Mikono ikasimama. Akavuta karatasi, akaandika, akanisogezea: "Umekubali nini?"

Sijui. Huenda amesema anaacha kazi. Huenda ameomba nimtetee. Nimechukua kalamu nimjibu, nikavuta daftari hili badala yake. Bado amekaa mbele yangu, ametulia, anasubiri. Anadhani ninachoandika ni jibu lake.