Gunia la Wageni

Jumatano, 27 Ramadhani

Upepo tena. Wageni wa Nassor wameshinda uwanjani wakipiga mipira kando ya bahari, wamerudi wamebabuka nyuso na wamefurahi. Kwao Uskochi, wanasema, gofu ya kweli huchezwa pwani, penye mchanga na upepo. Ndiyo maana Nassor, kaka yangu, kawauzia Muscat: pwani, jua, chakula chetu, na wiski vyumbani mwao. Anaiita safari ya kifahari. Mimi nabeba maji yao na kofia zao, na saumu yangu. Mguu wa kushoto unauma.

Alhamisi, 28 Ramadhani

Nassor kaja kufuturu kwa Mama, mtaani Ansab. Kasifu uji, kasifu sambusa. Nikajua ana lake. Anataka wageni wale shuwa, nyama ya kufukiwa kwenye makaa, siku ya Idi tatu. Siyo ya hoteli, ya tanuri la mtaa. Gunia lao lifukiwe pamoja na letu. Mama kaanza kukusanya vyombo, hatujamaliza kula.

Najua kwa nini. Wetu walipotoka Unguja, watu wa hapa waliwaita Wazanzibari miaka na miaka, na Baba alikuwa akichoma nyama yake ya Idi uani, peke yake. Siku Mzee Hamud, msimamizi wa tanuri, alipomwambia alete gunia lake, Baba alilia. Tangu hapo gunia letu hufungwa kitambaa cha kikoi chake cha buluu, lijulikane ni la nani. Baba hayupo. Kitambaa kipo.

Mama kaenda mwenyewe kumwomba Mzee Hamud. Kajibiwa, "Wageni wenu ni wageni wetu." Nassor kambusu Mama mkono. Sikupenda.

Ijumaa, 29 Ramadhani

Mwezi umeandama. Nguo zimepigwa pasi. Nassor hajaonekana. Jikoni nipo mimi, kama kawaida.

Jumamosi, Mfunguo Mosi 1

Idi mosi. Alasiri tumepeleka magunia. Nyama imekolezwa viungo, imefungwa majani ya mgomba, imetiwa kwenye magunia ya makuti. La wageni limetoka jikoni hotelini limeshafungwa. Nassor kalibeba mwenyewe, yeye asiyebeba hata begi lake. Mama kachana kitambaa cha Baba vipande viwili, kimoja letu, kimoja lao. Magunia ya mtaa mzima yakateremshwa kwenye makaa, moja juu ya jingine. La wageni limekaa juu kwa kuwa lilichelewa. Mfuniko, udongo, basi. Tanuri halifunguliwi mpaka Idi tatu.

Jumapili, Mfunguo Mosi 2



Asubuhi, uwanjani, Bi Aileen, aliye mkubwa kwa umri kati ya wageni, kaniambia habari nzuri. Jana jikoni hotelini kila mmoja wao alimimina wiski kidogo kwenye ile nyama. Wiski ya kijijini kwake, alitoka nayo nyumbani, zawadi kwa wenyeji. Nassor aliwapiga picha. Alidhani najua. Alipouona uso wangu akauliza amekosa nini. Nikamweleza. Akakaa chini pale pale kwenye majani.

Nassor nimemkuta kwenye gari lake.

"Moto unakula pombe yote, Raya. Nani atajua?"

"Mie nnajua. Na gunia lako lipo juu, linachuruzikia ya watu wote."

"Basi nyamaza. Ukisema utamwaibisha Mama."

Nina hasira mpaka meno yanauma. Watu watakula kwa bismillahi. Watoto watakula. Kamtuma Mama kuomba, sasa anamtumia Mama huyo huyo kuniziba mdomo. Kwa picha! Kwa wageni wamsifu!

Adhuhuri nimemwambia Mama. Hakulia. Kasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nipe buibui langu." Kwa Mzee Hamud kasimama, kakataa kiti, kasema yote mwenyewe. Mzee kauliza kitu kimoja tu: gunia la wageni lipo juu au chini? Kajibiwa juu. Kafunika macho kwa kiganja.

Jumatatu, Mfunguo Mosi 3

Tanuri limefunguliwa. Harufu nzuri, na hilo limeniudhi kuliko yote. Mzee Hamud katangaza asile mtu. Nyama ya mtaa mzima imekwenda kufukiwa bondeni. Mwanamke mmoja wa mtaani kasema, bila kututazama, "Samaki mmoja akioza." Hakumalizia. Watu wamerudi na sinia tupu. Hakuna aliyetusalimu.

Nassor hakuja. Alikuwa na mchezo wa mwisho na wageni wake. Bi Aileen ndiye aliyekuja, kwa teksi, mtandio kaufunga vibaya, kasimama kwenye jua mpaka mwisho. Mgeni kaja, mwana wa nyumba hakuja. Mama kasema apewe kahawa na halua. Sikutaka. Nikammiminia.

Jumanne, Mfunguo Mosi 4

Mzee Hamud kapita baada ya alasiri. Hakuingia. Kasema na Mama mlangoni. "Mwakani lileteni gunia wazi. Nitalitazama mimi kwanza, ndipo lifungwe."

"Inshallah, mzee wangu. Ahsante," kasema Mama.

Litapekuliwa mbele za watu kama mzigo wa mwizi. Miaka yote ile ya Baba. Mama anasema tumesamehewa, mahali petu papo. Mimi bado nina hasira.

Nassor kapiga simu. Sikupokea. Mama kapokea, kamuuliza kama amekula.

Vitambaa vimerudi na majivu, vimeungua kingo. Mama kafua chetu, kakianika uani. Kile kingine kakiacha ndani ya beseni, hakukigusa. Anasema ni cha Nassor, aje akifue mwenyewe.