Wiki Isiyo na Povu

Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023

Povu limekatika. Asubuhi nimeangalia kikombe cha juu cha mashine inayosafisha maji ya aquarium, lile tanki la kioo la samaki — kikavu. Jana pia kilikuwa kikavu, nikajidanganya kwamba sikuona vizuri. Pampu inalia kama kawaida, mapovu madogo yanapanda kwenye bomba, lakini yakifika juu yanapasuka na kuisha. Siku zote yanabeba uchafu wa maji na kuumwaga kwenye kikombe, nami kila siku ya pili namwaga kitu cha rangi ya chai kinachonuka mpaka uani. Sikuwahi kufikiri nitautamani uchafu ule.

Étienne, bwana yangu, anaiita mashine hiyo écumeur. Akiondoka aliniachia maneno matatu: usizime pampu, usiwalishe zaidi, usiguse. Alipanda Lemera kumsaidia mjomba wake kuvuna maharage, siku mbili tu, na pikipiki ikamwangusha kwenye mteremko. Mguu umevunjika, yuko hospitali huko huko. Bwana bila mguu, aquarium bila povu, na mimi katikati.

Acha niandike kinachonitisha, hakuna atakayesoma. Mwaka jana umeme ulikatika siku mbili, betri zikaisha, na Étienne alikaa mbele ya kioo akipuliza hewa ndani ya maji kwa pampu ya baiskeli. Akasema: "Hii mayi ikikufa, minye narudia Dar." Akacheka. Mimi sikucheka: maji yakifa, yeye anarudi Dar. Miaka tisa alifanya kazi Dar es Salaam, akitunza aquarium za hoteli. Ni mimi niliyemwita arudi Uvira, na amerudi, anatengeneza friji za watu hapa mtaani kwetu, Kimanga. Wale samaki wawili wa rangi ya machungwa na matumbawe yake ndiyo bahari yote iliyombakia.

Jumapili, tarehe 4 Juni

Misa sikuisikia. Padri alihubiri, mimi nikahubiriwa na kikombe kikavu.

Baadaye nimemwandikia Gratien, rafiki wa Étienne wa huko Dar. Ndiye aliyetuletea samaki kwa boti ya Kigoma, ndani ya mifuko yenye hewa. Nimemweleza habari ya povu, nikamwomba asimwambie Étienne. Amejibu haraka, na picha mbili za mashine mpya. Mashine ndogo, ya kutundika nyuma ya kioo. Mashine kubwa, ya kukaa chini ndani ya kabati. Nimemwuliza ipi ni nzuri. Sauti yake kwenye simu ilikuwa na mzaha: ndogo ni ya mtu anayejaribu kwanza, anaifungua dakika tano na kuondoka nayo. Kubwa ni ya mtu aliyekwisha kukaa.

Hakujua anachoniuliza: kama bwana yangu amekwisha kukaa, au bado anajaribu tu. Anataka jibu kabla ya Alhamisi jioni, mzigo unapanda boti Ijumaa.

Jumatatu, tarehe 5 Juni

Maji yana ukungu. Tumbawe moja, lile la kijani linalopepea kama nyasi, limejifunga toka asubuhi. Nimebadilisha ndoo moja ya maji. Chumvi ya Dar, ya kutengenezea maji ya bahari, imebaki mfuko mmoja na kidogo.

Wageni nao! Kila anayeingia hapa kununua vipuri vya friji anataka kuchovya kidole aonje kama kweli ni chumvi. Sisi watu wa ziwa, mtu akituambia kuna maji yasiyonyweka lazima tuhakikishe. Leo nimefukuza wanaume watu wazima watatu. Mmoja amenuna.

Étienne amepiga simu saa kumi. Huko lazima abebwe mpaka penye réseau ya simu, kwa hiyo anaongea haraka. Kaneza, mtoto wetu, hajambo? Hajambo. Mama hajambo? Hajambo. Halafu:

"Povu iko?"

"Iko."

Nimemdanganya bwana yangu mwenye mguu uliovunjika. Nimeona aibu mpaka nikaenda kufagia sehemu niliyokwisha kufagia.

Jumanne, tarehe 6 Juni

Ndogo au kubwa. Nikichagua ndogo, atasema: kwa nini ndogo, unafikiri nitaondoka? Au hatasema kitu, ataiona tu na kukumbuka kwamba inafunguka dakika tano. Nikichagua kubwa, atajiona amefungwa kamba. Nawaza kama mwendawazimu. Ni plastiki na pampu!

Nimemwuliza mama mkwe wangu, Mama Apollinarie, ambaye amekuja kunisaidia toka ajali. Hakufikiri hata kidogo. "Chukua ile kubwa. Mutu haache kitu kipya kizito." Akaendelea kukoroga ndagala wake, visamaki vya ziwa.

Jioni Gratien ameandika tena. Kabla ya kununua, niangalie kama kuna mafuta yaliyoingia majini. Anasema hata tone dogo linaua povu, mashine inabaki nzima lakini kama imekufa. Nimejibu kwa hasira kidogo. Mafuta gani? Nani apikie ndani ya aquarium?

Jumatano, tarehe 7 Juni

Nimerudi kutoka sokoni kabla ya wakati wangu. Mama Apollinarie alikuwa amesimama mbele ya aquarium, kifuniko kimefunguliwa, sahani mkononi. Anakatakata ndagala kwa vidole na kudondosha kipande kimoja kimoja. Samaki wanarukia. Kwenye maji, juu, duara ndogo nyekundu zinaelea. Mawese.

Nilibaki mlangoni, kikapu begani.

"Mama. Toka siku gani?"

"Toka nifike." Hakujificha. "Minye nilikuwa naona banakonda. Ile chakula yabo iko sawa vumbi. Nikabapatia kandagala kadogo."

"Na mawese?"

"Ndagala bila mawese, ile ni chakula?"

Nikamweleza mambo ya mafuta na povu. Alisikiliza, akaweka sahani chini, akajifuta mikono kwenye kitenge mara nyingi, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Alisemaka mbele yangu vile vile. Bakikufa, anarudia Dar. Weye unawaza minye sijue? Njo maana nikabalisha."

Kumbe tuko wawili. Siku zote hizi mimi nalala upande huu wa ukuta na hofu yangu, na yeye upande ule na yake, ile ile. Hasira yangu imekwisha hapo hapo. Nimemshika mkono, bado ulikuwa na mafuta.

Tumefanya kazi mchana wote. Tumefungua mashine, tumeiosha kwa maji moto na siki, bila sabuni. Tumevuta mafuta ya juu kwa karatasi. Tumebadilisha maji mpaka chumvi yote imeisha. Mama amebeba ndoo kunishinda. Povu bado.

Alhamisi, tarehe 8 Juni

Povu! Kidogo, jembamba, la rangi ya maziwa, lakini limefika kwenye kikombe. Mama amekuja kuangalia mara nne. Tumbawe la kijani limefunguka nusu.

Saa nane gari lililoshusha maharage kutoka Lemera limesimama mbele ya nyumba. Étienne, plasta mpaka gotini, gongo moja, amekonda. Kabla sijafungua kinywa Mama amesema: "Ni minye." Akaeleza yote, na mimi nikaeleza uongo wangu wa Jumatatu. Étienne amecheka mpaka ameshika ukuta. Ndagala! Halafu nikamwambia Gratien anangoja jibu leo, ndogo au kubwa, na ya zamani imepona kwa hiyo anaweza hata kukataa. Hapo akaacha kucheka. Ameangalia maji, halafu kabati chini yake.

"Leta mètre," amesema. "Na kitu ya kuandikia."

Nimempa kamba ya kupimia, na karatasi iliyokuwa karibu ni daftari hili. Basi naandikia humu. Ameketi chini, mguu wa plasta umenyooka, kichwa ndani ya kabati.

Kabati, kimo 58.
Upana 44.

Kubwa inataka 55. Inaingia! Mama ameisikia namba, anasonga ugali huku anaimba. Na mimi nimepumua, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Étienne ameshika gongo, ameinuka. Sasa anapima kioo chenyewe.

Aquarium, urefu 120.
Kutoka mbele mpaka nyuma, 50. Pamoja na fremu, 54.

Hizo za nini? Sijauliza. Anarukaruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni, mètre ameiuma kwa meno.

"Andika mulango."

Mashine ya povu, hata ile kubwa, inapita dirishani. Nimemwuliza sababu: "Juu ya nini mulango?" Amenyoosha mètre kwenye fremu ya mlango. Mama ameacha kuimba. Mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Makumi saba na munane," amesema Étienne. "Umeandika?"

Mlango, 78. Aquarium, 54: inapita.