Pikipiki Haijafa, Shemeji

Jumamosi jioni

Eti "injini imekufa." Shemeji Gaudensi hata hakuigusa. Alisimama mlangoni mwa stoo ya mpunga, mikono mfukoni, akatoa hukumu.

"Shemeji, pikipiki ikilala mwaka mzima hivi, basi tena. Iuze. Na mguu wako huo wa vyuma utaiendesha wapi?"

Fundi mkubwa! Baiskeli yake ikitoka mnyororo anamwita mkewe.

Injini iliwaka vizuri. Tatizo ni kwamba nikibana klachi na kuingiza gia, inaruka mbele na kuzima. Pleti za klachi zimegandana kwa kukaa, hakuna kingine. Nikaiacha ingurume mpaka oili ikapata moto, nikazima, nikaingiza gia, nikabana klachi na kuanza kuisukuma mbele na nyuma.

"Unabembeleza mtoto?" Gaudensi akacheka.

Nikazidi kusukuma. Niliuogopa mguu, si klachi. Tangu nivunjike sijawahi kuuegemea vile, na ukinikataa, Jumatatu nitafikaje kazini, zahanati ya Kisawasawa? Watampa mwingine nafasi yangu...

Mara "tak!" Pleti zikaachana, pikipiki ikateleza kama imepakwa mafuta. Nikapanda, nikaenda mpaka lami na kurudi. Mguu ulitetemeka, lakini haukuniangusha.

"Bahati tu hiyo," akasema mtaalamu. Kisha, bila aibu, akaomba lifti ya sokoni.

Nilimpakia. Njia nzima alilishika koti langu kwa mikono miwili, akisali Salamu Maria kwa sauti.