Neno Nililolitafsiri Ndhiwa

Akinyi, mjukuu wangu,

Hapa tuko salama, na nyanya yako anavuna njugu. Unauliza utafsiri vipi kwenye kikao cha Migori, watu watakapoulizwa wanataka tiba gani ya pombe na dawa za kulevya.

Mimi niliwahi kutafsiri kikao kama hicho hapa Ndhiwa. Afisa alisema, "Wagonjwa wa pombe waje mbele watueleze shida yao." Wagonjwa kwa lugha yetu ni jotuo. Mimi, kwa kutaka kuchekesha watu, nikasema jomer, yaani walevi. Walicheka kweli. Mdogo wangu Ochieng', aliyevaa shati lake la kanisani ili aongee, alikuwa ameshasimama. Akageuka, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyejitokeza, na afisa akaandika kwamba hapa hakuna mwenye haja. Nilimwona akiandika, na sikumsahihisha.

Huko kwenu sema jotuo, tafadhali.

Ochieng' bado anakunywa. Kila akija kwangu husimama mlangoni na kuuliza kama mlevi anaruhusiwa kuingia. Watu wote nyumbani hucheka, nami hujifanya natafuta kiti cha kumpa.

Babu yako