Mwezi Niliomsomesha Nasra Nje

Jumatatu, 11 Agosti

Tena pwani ya Mtoni asubuhi, maji yametoka mbali. Wiki ya pili hii. Nasra kaokota kiti cha pweza, kahesabu miguu yake, mitano. Nikamwambia arudishe majini. Karudisha, kamuaga. Viatu vyangu vimekwisha kwa chumvi. Sijali.

Skuli alikuwa halii tena, alikuwa hasemi. Miaka sita, darasa limejaa pomoni, akiulizwa kitu anaangalia sakafu. Siku ya mwisho kajikojolea. Nikasema basi. Nikamwambia mama yake, binti yangu Mwanaisha: mjukuu wangu ntamsomesha mwenyewe, nje. Mwanaisha anauza vitambaa Mlandege. Alicheka mbele ya wateja. "Baba, wewe uliacha darasa la tatu."

Kweli niliacha. Lakini nimekuwa mwashi miaka arobaini na mbili. Mji Mkongwe hauna mtaa usioujua mkono wangu. Nani alinisomesha? Mawe.

Mwanaisha kaweka sharti. Mwisho wa mwezi Nasra atatahiniwa kusoma na kuhesabu. Akishindwa anakwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake, kuna skuli ya watoto wachache. Sitaki aende. Nyumba nzima yeye ndiye anayenichekesha.

Jumanne, 12 Agosti

Hesabu. Nimemfundisha nilivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani: kwa pingili za vidole, kama mtu anayevuta uradi. Kila kidole pingili tatu. Dole gumba nalo tatu, ya chini imejificha. Mkono mmoja kumi na tano, miwili thelathini, ongeza tatu, tasbihi imetimia.

Kahesabu vishimo vya kaa. Thelathini na tatu, akaanza tena, akaanza tena. Tisini na tisa. Kwa asubuhi moja. Skuli gani inaweza hayo? Hakuna.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya sala nimempeleka Malindi, hapo hapo Mji Mkongwe. Kuna ukuta umechubuka chokaa, mawe yako nje. Nikamwonyesha matumbawe. Nikamwambia jiwe hili lilikuwa hai, lilikuwa linakula baharini kama wewe unavyokula. Akatia kidole kwenye vitobo, kimoja kimoja.

"Babu, sasa hii nyumba inajua kuogelea?"

Nikamwambia aiulize mwenyewe. Mimi si mtu wa kukosa jibu.

Kisha kaona simbi wa pwani, kombe lake dogo kama punje ya mchele, ndani ya chokaa. Miaka arobaini na mbili nnapiga chokaa, sijawahi kumwona. Nikamwambia nilikuwa nnajua. Uongo. Lakini mdogo.

Njia nzima kasema bila ya kuulizwa. Kamsimulia muuza urojo nyumba ilivyokuwa inakula. Muuza urojo kamwongezea bajia. Furaha niliyonayo leo sijui niiweke wapi.

Jumatano, 20 Agosti

Herufi. Hapa pana kazi.

Haya nnayaandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, ndizo nilizopewa na baba. Hizo nyengine, za skuli, nnazijua zile kubwa, na si zote. Maandishi madogo ya vitabuni yananichanganya. Nimemwandikia mchangani kwa kijiti: NASRA. MAJI. KAA. Kanakili vizuri kuliko nilivyoandika.

Akauliza madogo yakoje, ameyaona kwenye gazeti la muuza samaki. Nikamwambia hayo hayatumiki sana. Maji yakaja yakafuta kila kitu. Nilishukuru.

Jumapili, 24 Agosti

Mtahini kapatikana. Bi Salma, jirani wa nyumba ya tatu, mwalimu mstaafu. Katika watu wote wa Unguja. Nilimjengea ngazi ya mlango, akautangazia mtaa kuwa imepinda. Haijapinda. Sakafu yake ndiyo imepinda.

Shangazi kapiga simu. Kitanda cha Nasra kishapatikana. Mwanaisha anasema naye kwa sauti ya chini, kama mimi sisikii. Nasikia.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo nimefanya kitu kibaya. Nilimfungia ndani tangu asubuhi, asome. Ubao, chaki, mimi na fimbo ya kuonyeshea. Alipokosa nilipaza sauti. Akaangalia sakafu.

Nilitupa ile fimbo uani. Tukatoka, tukakaa chini ya mti wa mkungu wa jirani tukatazama siafu wakihama na mayai yao. Adhuhuri ikakaribia. Kisha akasema, "Babu, hawa hawasukumani." Nikasema ndiyo, hawasukumani. Nnaogopa. Nshaandika, basi.

Jumamosi, 30 Agosti

Mtihani. Barazani kwa Bi Salma, Mwanaisha kakaa pembeni na buibui lake la kutokea.

Nasra katoa shikamoo, kaitikiwa marahaba. Vizuri. Bi Salma akamuuliza majani, kayataja kwa harufu tu, macho yamefumbwa: mrehani, mchaichai, mdalasini. Nilikohoa ili Mwanaisha anitazame.

Kisha: "Haya mama, hesabu kwa mkono mmoja. Unapata ngapi?"

"Kumi na tano."

Bi Salma kapiga mkasi, alama ya kosa, kwenye karatasi. Nikasimama.

"Mzee Haji, kaa kitako."

"Mtoto kasema sawa."

"Vidole kumi na tano mkono mmoja? Au huu nao umeujenga wewe?"

Mwanaisha kajifunika mdomo. Na mimi nilikuwa nshafungua wangu, maneno makubwa yako tayari. Lakini Nasra kamwangalia Bi Salma usoni. Usoni, si sakafuni.

"Bibi, mimi sikusema vidole. Nipe mkono wako."

Akaushika mkono wa yule mama, akauhesabu pingili kwa pingili, na ile iliyojificha akaionyesha. Kumi na tano. Akauchukua wa pili. Akaendelea mpaka tisini na tisa, Bi Salma midomo inafuatana naye. Alipomaliza, Bi Salma akaukata ule mkasi akaandika alama ya kupita. Akasema hivyo ndivyo alivyohesabu bibi yake.

Hapo ningeondoka mshindi. Ikaja kusoma. Kitabu, herufi ndogo. Nasra kageuza kurasa.

"Haya babu kasema hayatumiki sana."

Bi Salma akaninyooshea mimi kile kitabu. "Hebu soma wewe, Mzee Haji."

Nikasema miwani nimeisahau. Ilikuwa usoni.

Hesabu kapita. Kusoma kashindwa. Mwanaisha kasema atafikiri mpaka kesho. Nasra kaniuliza kama Dar kuna kaa.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya alfajiri nilikwenda kwa Bi Salma peke yangu. Nilisimama kwenye ngazi. Nikamwambia: sijui kusoma herufi zile. Neno "sijui" sijalisema mbele ya mtu tangu nimeoa, na sikumwambia hata marehemu mke wangu. Nikamwambia mtoto hana kosa, kosa langu. Nikamwambia asubuhi ntakuwa naye nje kama kawaida, alasiri amfundishe yeye, nami nikae hapo hapo, kwa sababu nikiondoka hatasema.

"Ukae bure?"

"Nijifunze."

Kaitazama ngazi. Nilikuwa tayari kwa maneno yake. Akasema, "Njooni wote wawili, kila alasiri, mje na madaftari. Na hii ngazi uninyooshee."

Nikasema haijapinda. Kisha nikasema ntakuja na mwiko wangu wa uashi.

Mwanaisha nilimwambia yote kabla hajafunga mtandio kwenda dukani. Akakaa. Hakucheka. Akampigia shangazi kuwa Nasra haji. Kisha akanimiminia chai, akaniwekea kipande kikubwa cha mkate wa mofa.

Jumatano, 10 Septemba

Mangapwani, pangoni. Jua, upepo kidogo. Tumekwenda kuona jiwe linavyokuwa kabla mwashi hajaligusa. Popo wengi. Nasra kawahesabu waliolala, kachoka, kawaacha.

Mlangoni kuna kibao, maandishi madogo. Nilianza neno la kwanza, pole pole, mdomo umefungwa. Nasra kasimama ubavuni kwangu, mkono wake ndani ya wangu.

"I-na-te-le-za. Babu, inateleza."

Mimi nilikuwa bado sijafika hapo. Nikamwambia atangulie, anishike.