Kwako Baba, Uliyesoma Barua Zangu Jukwaani

Ni mwaka kamili, Baba, tangu ulipoinama kuvaa soksi ya pili ukaondoka bila kuivaa. Familia inapenda kuwajulisha wote waliocheka nawe kwamba bado hatujazoea.

Ulikuwa mtu mwema. Tuanze na hilo, maana ni kweli. Mchekeshaji mwenzako akikosa kuchekwa, ulimfuata nyuma ya jukwaa ukamnunulia chai, wala hukumpa ushauri wowote. Tangu uigize sajini mvivu katika tamthilia ya runinga, watu walikupigia saluti barabarani, nawe ulizirudisha zote, hata siku uliyobeba trei ya mayai. Nyumbani ulijaribia vichekesho vyako kwa Bibi, mama yako. Alicheka kabla hujamaliza, ukamlalamikia kwamba anakuharibia kazi.

Mimi nilikuwa kiwanda chako. Kila Jumapili nilikuandikia barua kutoka shule ya bweni, na kila Alhamisi uliisoma klabuni, jukwaani, kwa sauti yangu, pamoja na mafua yangu. Za mwanzo zilikuwa za kweli. Halafu ukamtuma Mama aniambie niongeze chumvi, nikaongeza: mpishi aliyeangusha meno ya bandia kwenye uji akamsingizia kiranja, mbuzi aliyefanya mtihani wa jiografia akashika nafasi ya nne, mbele yangu. Watu walivunjika mbavu. Nami nilijiona mtu mkubwa.

Kisha darubini ya maabara ikapotea. Kwa kuwa kila kilichowahi kupotea pale nilikuwa nimekificha mimi, hakuna mwingine aliyeulizwa. Safari hii sikuwa mimi. Kamati ya nidhamu ingekaa Ijumaa, na mzazi asipokuja kunisemea, nafukuzwa. Nikakuandikia mistari mitatu: "Baba, hii ni ya kweli. Sijaiba. Njoo Ijumaa, hata kwa kuchelewa."

Uliisoma Alhamisi. Nasikia palipochekwa zaidi ni kwenye "sijaiba".

Ijumaa nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule hadi kengele ya chakula. Jumamosi nilibisha hodi nyumbani na sanduku langu, Mama akashika mdomo. Ile barua hakuwahi kuiona. Wewe ulisema ulidhani ni chumvi. Wiki tatu baadaye ukafariki, na mjadala ukafungwa.

Nilikuamini. Mwaka mzima nimejilaumu kwamba nilikuzoesha uongo mpaka ukweli wangu ukakosa mnunuzi. Darubini ilipopatikana kwa fundi, ilikopelekwa na mwalimu wa maabara mwenyewe, akasahau, shule ilinirudisha kwa barua ya kuomba radhi. Hata hiyo niliisoma kwa sauti yako.

Juzi alikuja Kipara, mchekeshaji uliyepanda naye jukwaani miaka kumi na mmoja, atusaidie kuandika tangazo hili la kumbukumbu gazetini. Nikamuuliza kama kweli ulidhani ni utani. Akazunguka sana, akasifia chai, akauliza hali ya Bibi. Mama akamwambia aseme tu, hapa si klabuni.

"Alijua," Kipara akasema. "Nilimwambia asiisome, na kesho yake aombe ruhusa kwenye tamthilia aje kwako. Akanijibu, 'Mtoto atanisamehe. Watazamaji hawasamehe.'"

Mama aliondoa vikombe, chai ikiwa bado imo.

Anataka tangazo liseme kwamba sote tumekusamehe. Nimemwambia kila mtu ajisemee, na gazeti litutoze kwa urefu wake.

Kwa hiyo unakumbukwa na mkeo, aliyesamehe. Na mama yako, ambaye hatujamwambia, na wasomaji wenye huruma wasimsomee. Na Kipara, anayeomba asamehewe yeye. Na mwanao, ambaye ulikuwa na hakika naye kuliko alivyo na hakika na nafsi yake.

Hatutakusahau, Baba. Mimi hasa.