Maneno Yangu Kinywani mwa Knox

Barua hii niliijibu kwa posta siku ile ile, maana isingeweza kungoja gazeti lenye safu yangu ya ushauri litoke. Wenyewe sasa wameniruhusu niichape, na wamesema majina yao niyaache kama yalivyo. – Verna

Bi. Verna mpendwa,

Nisaidie, mama, maana nimejiingiza mahali ambapo sioni pa kutokea, na Alhamisi ijayo mke wangu anakwenda nyumbani kwa dada yake Peg kukutana na kikundi chao cha wasoma vitabu, na akifika huko atajua kwamba mumewe ni mwongo.

Naitwa Dale, naendesha gari la kaunti la kusukuma theluji, na katika ujana wangu nilicheza hoki ya barafuni hapa hapa chuoni, si mchezaji wa kutajwa, ni yule wa kuingizwa wakubwa wakichoka, mpaka goti langu likavunjika tukicheza ugenini na hoki yangu ikaishia hapo. Mke wangu ni Lorna, na Lorna ni msomaji, anapenda zile riwaya za mapenzi za wanamichezo wa chuo, zile zenye kijana kifua wazi kwenye jalada ameshika fimbo ya hoki kana kwamba yeye hasikii baridi. Miaka yote namtania, "Huyo atakufa kwa nimonia kabla ya sura ya pili," naye hunijibu, "Wewe kula pai yako ya nyama, uniache na mume wangu."

Sasa majuzi pazia la nyuma ya jicho lake la kulia liliachia, wakampasua huko Marquette, wakamwekea kipovu cha hewa ndani ya jicho, na daktari akaamuru alale kifudifudi, mchana na usiku, asiinue kichwa ila kwa kula na kwenda msalani, mpaka jicho lishike. Jicho la pili tangu utotoni haliwezi herufi ndogo. Hebu fikiria, mtu ambaye hata akikoroga supu anashika kitabu kwa mkono wa pili, sasa uso umezama kwenye mto wenye tundu katikati, hana la kutazama ila zulia. Akaniambia, "Dale, nisomee, la sivyo nitamuua mtu, na aliye karibu ni wewe."

Nikachukua cha juu kwenye rundo lake. Nahodha wa timu ya chuo anaitwa Knox, na msichana anaitwa Delaney, kapewa kazi ya kumfundisha Knox hesabu asifeli. Bi. Verna, kile kitabu kibovu. Mwandishi anacheza hoki vipindi vinne, wakati hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua ni vitatu. Kuna mahali refa anatoa kona, kama kwenye kandanda. Nilicheka mpaka nikashindwa kusoma, na Lorna mwenyewe, ambaye alikipenda sana kitabu cha kwanza cha mwandishi huyo, alikuwa anaguna tu kwenye tundu lake, "Huyu mama ameniangusha, ameniangusha kabisa. Lakini endelea, nataka nione Delaney atafanya nini."

Tukafika mahali Knox anavunjika goti. Delaney alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa mifugo mji mwingine, anaiacha, anakuja kukaa na Knox hospitalini, anamweleza kwamba ameiacha, na Knox anasema, "Nilijua huwezi kuniacha, mrembo," kisha anaomba televisheni iwashwe. Sura imekwisha.

Niliisoma ile sentensi kimoyomoyo, sikuitoa kwa sauti, maana Lorna wangu aliyafanya hayo hayo. Goti langu lilipovunjika alikuwa ameshapata nafasi chuoni Lansing, udaktari wa mifugo vile vile, nguo ziko ndani ya sanduku, akazitoa nguo akaja kukaa nami, na baadaye akachukua kazi ya kupokea simu kwenye kliniki ya wanyama, yuko hapo mpaka leo. Na mimi nilipozinduka nikamwona, neno la kwanza nililomwambia ni kumwuliza kama timu ilishinda. Sikuwahi kumshukuru, Bi. Verna, wala si kwa ubaya, sisi kwetu mtu akikushukuru sana unamwuliza kama anaumwa.

Lorna akasema, "Mbona umenyamaza? Knox amejibu nini?"

Nami nikasoma kitu ambacho hakikuwepo. Nikasema, "Knox akamshika mkono akamwambia, Delaney, sijui kama nitatembea sawasawa tena. Wewe ulikuwa na safari yako, ukaiacha uje kukaa kwenye kiti hiki kibovu cha plastiki. Mimi sina cha kukulipa. Ninachojua ni kwamba nilipofumbua macho nikakuona umesinzia na koti lako mwilini, goti halikuniuma tena."

Kutoka kwenye mto nikasikia: "Rudia hapo."

Nikarudia, jasho linanitoka, naogopa maneno yasiwe yale yale. Nikaona mabega yake yanatikisika, analia, nikamwambia, "Lorna, jicho, jicho," naye akasema, "Acha jicho. Huyu mwandishi alikuwa amejificha wapi sura zote hizi?"

Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Knox wa kitabuni anapona goti kwa sura mbili, anafunga bao la ubingwa, anamvisha Delaney pete katikati ya barafu uwanja mzima ukipiga kelele. Knox wangu hakupona. Nilimpa lori la maziwa badala ya gari la theluji, nisije nikajulikana, nikamwoza Delaney kwenye ofisi ya jiji siku ya mvua, nikawapa mabomba yaliyoganda na mtoto mwenye pumu, na kila mara Knox alimwona mke wake akifanya jambo dogo, akamshukuru kwa mdomo wake. Lorna akawa anangoja saa ya kusoma kama mtoto anayengoja pipi. Akaniambia, "Huyu kijana ana maneno. Wewe Dale ungejifunza kwake." Nikajibu, "Ndiyo, mke wangu." Mama, nimemwonea wivu kijana ambaye hayupo.

Ningenyamaza yangeisha, lakini Lorna alimpigia simu Peg akamwambia hicho ndicho kitabu cha mwezi huu, na Peg akawatafutia wanawake wote nakala. Juzi Peg akapiga, sauti inasikika mpaka jikoni.

"Lorna, walikupa dawa gani huko Marquette? Kitabu hiki hata kuwashia moto wa sauna hakifai."

"Umefika ile sura ya hospitalini?"

"Nimefika."

"Hukulia?"

"Nililia, ndiyo, nikiulilia muda wangu."

Lorna akakata simu, akasema dada yake ana moyo wa jiwe, na Alhamisi atawasomea sura ile kwa sauti waone wenyewe. Miwani yake mpya inakuja Jumatano. Kitabu nimekificha chini ya kiti cha gari la theluji, nimemwambia labda kimerudi maktaba. Mwenzangu kazini ananishauri nikitupe ziwani, lakini ziwa limeganda.

Siogopi hasira yake, nimeizoea. Naogopa akijua ni mimi, yale maneno yatamharibikia, atasema ah, kumbe ilikuwa ni Dale tu akidanganya. Na ndiyo maneno pekee ya namna hiyo niliyowahi kuyatoa. Nifanye nini?

Dale, kandokando ya Ziwa Superior

*

Dale,

Kwanza kabisa, nenda kachukue hicho kitabu chini ya kiti ukiingize ndani. Mtu mzima anayeficha riwaya ndani ya gari la kaunti ananitia aibu kwa niaba ya kaunti.

Nimekisoma. Mjukuu wangu anacho. Ni kibovu kuliko ulivyosema, na hukugusia yale mashairi. Kwa hiyo kwa kumwokoa mkeo na sura za mwisho nakupa pongezi, na pongezi zenyewe zinaishia hapo.

Ulimsomea mwanamke asiyeona, aliyelala uso chini, aliyekuamini ukisema "imeandikwa." Haikuwa imeandikwa. Sasa amesimama mbele ya dada yake na marafiki zake kutetea kitabu ambacho hakipo, wanamcheka, na wewe unasikia wanavyomcheka ukiwa jikoni. Hilo lisikie vizuri. Unaniambia unaogopa maneno yako yatapoteza thamani. Mimi ningeanza kumwogopea Lorna, atakayefungua kitabu mbele ya watu, atafute mahali alipolilia, asipaone. Atadhani jicho halikupona. Au atadhani akili yake ndiyo imeachia.

Haya, nimemaliza kukugombeza, vuta kiti.

Nimejibu barua za wanaume wengi, na wengi wao hawana cha kusema hata ukiwapa kitabu mkononi. Wewe unacho. Ulikuwa nacho siku zote, ila kilihitaji mtu mwingine akibebe, ndipo ukampa kijana wa lori la maziwa. Hayo maneno si uongo, Dale. Uongo ni kusema ni ya Knox. Ukiyarudishia jina la mwenyewe, yatabaki mazima.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usingoje miwani. Usimwandikie, usimnunulie maua, usimwambie ndani ya gari huku unatazama barabara kama mlivyozoea ninyi wa huko. Keti mezani, mchana, uso kwa uso, weka kitabu katikati. Kisha ungama kwanza: nilibadilisha, kuanzia hapa, nikakuacha ukachekwa. Ukishaungama nyamaza. Usimwage shukrani papo hapo, maana ataiona ni hongo ya kumnyamazisha. Mwache akasirike mpaka akinai. Akitoka nje usimfuate. Akirudi, akikuuliza, hapo ndipo umshukuru, wewe kwa jina lako, yeye kwa jina lake, na Delaney asiingie humo.

Peg mwachie mke wako. Ni dada yake, atajua cha kumwambia, wewe hapo huna kauli.

Na utasema vibaya, nakuambia mapema. Utababaika, utataja hali ya hewa. Sema hivyo hivyo.

Verna

*

Bi. Verna,

Asante. Jibu lako lilifika Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa nikafanya kama ulivyoniagiza.

Niliweka kitabu mezani, nikamwonyesha ule ukurasa, nikasema kuanzia hapa ni mimi. Lorna alikitazama muda mrefu kwa lile jicho lake bovu kana kwamba angeweza kukisoma. Halafu akasema, taratibu, na yeye akisema taratibu ni mbaya, "Nilikuwa sioni, Dale. Nimelala kama mtoto, nakusikiliza. Ukanisikia nikigombana na Peg, ukaendelea kuosha vyombo."

Nikasema, "Ndiyo."

Akavaa koti akatoka, akaanza kusukuma theluji ya njiani kwa koleo, na mimi ambaye ndiyo kazi yangu nilisimama dirishani mikono mitupu kwa sababu uliniambia nisimfuate. Ilikuwa vigumu kuliko chochote. Daktari alikuwa amemruhusu kazi ndogo ndogo, lakini ile haikuwa ndogo.

Alirudi amelowa, akaketi na koti lake vile vile, akasema, "Haya. Kulikuwa na kitu kingine, au ilikuwa ni Knox tu?"

Nikamwambia. Nilibabaika, na hali ya hewa niliitaja. Nilimwambia, "Lorna, ulitoa nguo kwenye sanduku kwa ajili yangu, na mimi nikakuuliza matokeo ya mechi. Nakushukuru. Nimekushukuru siku zote, ila mdomo haukufunguka."

Akasema, "Mlifungwa. Nne kwa moja."

Tukacheka, halafu hatukucheka. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Akasema, "Na nimejuta, Dale, nisikudanganye. Si kila siku. Simu ikipigwa ng'ombe anazaa vibaya, daktari yuko mbali, nami najua cha kufanya lakini siruhusiwi kusema, hapo najuta. Halafu nakuja nyumbani nakukuta umekaanga samaki, jiko zima limechafuka, najuta kidogo tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ulikuwa na kitabu cha kujificha ndani yake. Mimi nilikuwa na vyangu mia tatu."

Tulikaa pale mpaka kahawa ikapoa, tukatia nyingine. Alinishukuru na yeye, kwa vitu ambavyo sikujua kama aliviona, mambo ya mama yake alipokuwa mgonjwa, mambo ya mtoto wetu. Sitayaandika. Lakini sijawahi kushukuriwa hivyo, na nilijua hakuna aliyekuwa anaumwa.

Alhamisi akaenda kwa Peg na miwani yake mpya, akawaeleza mwenyewe, wote. Anasema Peg alicheka akamwaga kahawa kwenye sofa, kisha akaenda jikoni akakaa huko kidogo, na aliporudi akaomba waambiwe mwisho wa Knox wa lori la maziwa, na Lorna akawasimulia, mabomba yaliyoganda na yote. Kitabu chenyewe walikisema mpaka kikaisha. Sasa wanataka niwasomee cha mwezi ujao. Nimekataa.

Lorna ameisoma barua yako na hii yangu kabla sijaifunga. Anasema ulinionea huruma mno. Halafu amesema nikuandikie kwamba na yeye anasema asante.

Dale